Pua ya Muhamadi wa Nengo

Kwanza tuelewane: Muhamadi Harerimana hakuwahi kunywa divai. Hakunywa tone, hakugusa kizibo kwa ulimi, wala hakujificha nyuma ya ghala na chupa kama walivyofanya wengine ambao leo sitawataja, maana wajukuu wao ni majirani zangu. Nalisema mapema kwa sababu kila nikianza habari yake hakosekani mtu wa kukonyeza jicho na kuuliza, "Ah, hata kidogo?" Hata kidogo! Mkitaka kucheka chekeni, lakini mnisikilize mpaka mwisho.

Alizaliwa hapa hapa Gisenyi, ukingoni mwa Ziwa Kivu. Baba yake alikuwa mshona nguo, wa ukoo wa wachuuzi waliopanda kutoka Ujiji na marobota mabegani, na mama yake alikuwa Mgoyi, mwenyeji wa huku, aliyesilimu akaolewa. Mama ndiye aliyemfanya alivyo. Aliuza viungo sokoni, iliki, mdalasini, bizari na pilipili manga, na wauzaji wa jumla walikuwa wezi wa wazi, wanakuchanganyia pilipili manga na mbegu za papai zilizokaushwa halafu wanakuapia kwa Mungu. Basi mama alimfunga mwanawe macho kwa kitambaa, akampitishia viganja vya viungo puani kimoja kimoja. "Hii je?" "Mbegu za papai, mama." "Na hii?" "Mdalasini, lakini ulilowa ukaanikwa tena." Mtoto wa miaka saba! Wauzaji walipomwona anakuja na mama yake, wengine walifunika magunia yao.

Mwaka 1944 akaajiriwa hotelini Nengo, ile iliyotazama ziwa, mali ya Mbelgiji, Musiyo Coppens, na mkewe. Alianza kwa kuosha sahani, akapanda hadi kuhudumia meza. Huyo Coppens alikuwa mpenzi wa divai kuliko mkewe, na mkewe alilijua hilo. Lakini mwaka wa pili wa kazi ya Muhamadi, Coppens aliugua homa kali, na ilipomwacha ilikuwa imeondoka na pua yake. Hakusikia tena harufu ya kahawa wala ya moshi, wala ya soksi zake mwenyewe. Mzee wa watu alilia mezani, nakwambia. Siku moja akang'oa kizibo, akakinusa, hakupata kitu, akamsogezea Muhamadi kwa hasira. "We sema. Iko nini?"

Muhamadi akanusa. "Ganda la ndimu, Bwana. Na lile jiwe jeusi la volkano likipigwa na mvua ya kwanza. Na kwa mbali sana, tufaha bichi."

Coppens akanywa, akafumba macho, akatikisa kichwa taratibu. Tangu siku ile wakawa watu wawili wenye kichwa kimoja: pua ya Muhamadi, ulimi wa Coppens. Mmoja ananusa anasema, mwingine anaonja anasema, na kila mmoja anajifunza upande wa mwenzake. Hapo ndipo Muhamadi alipoambiwa kwamba divai nyeupe nzuri ya kulia samaki, kama ile waliyoiita Muskade, ni "kavu." Alicheka mpaka akashika meza. Kitu cha majimaji kitakuwaje kikavu? Coppens akamweleza kwamba haina utamu wa sukari. Inaingia kinywani na ukali safi, inavuta mate, ina chumvichumvi kidogo kama upepo wa bahari, kisha inaondoka bila kuacha uzito. "Kama ndimu kwenye shombo," Muhamadi akasema, na Coppens akampiga begani kwa furaha.

Coppens alifariki mwaka 1951. Madamu, mkewe, akabaki na hoteli, na divai zote akamwachia Muhamadi bila kutamka kwamba amemwachia. Wageni walipouliza, alisema "sisi tunapendekeza." Sisi!

Kazi yenyewe alikuwa na namna yake. Friji ya hoteli ilikuwa ya mafuta ya taa, ndogo, imejaa siagi na nyama, basi chupa za divai nyeupe alizivisha gunia lililoloweshwa maji, akazining'iniza barazani upande wa upepo wa ziwa, na kila nusu saa akazimwagia maji tena. Ikifika saa saba mchana chupa imepoa vizuri, haijawa barafu. Alisema divai ikiwa baridi kupita kiasi inakuwa bubu, na ikipata joto inaanza kupiga kelele. Bizimana, mpishi wa hoteli, mtu wa Rubavu mwenye tumbo kubwa na moyo mkubwa, hakuyaelewa mambo haya kamwe. "Muhamadi, mi sielewi. Samaki iko na ndimu tayari. Divai ya nini tena?"

"Ndimu inakaa juu ya samaki, Bizimana. Divai inakaa ndani ya mlaji. Umemkaanga tilapia kwa siagi, mafuta yamemgandia mtu kinywani, tonge la tatu linamshinda. Akipiga funda moja, kinywa kimeoshwa, anaanza upya kama hajala."

"Na nyama yangu ya ng'ombe ile ya bia na vitunguu?"

"Hapo ukimpa divai hii umempa maji ya kunawa."

Msifikiri alipata raha. Mtaani kwa Waislamu maneno yalikuwepo siku zote. Mkewe Mukankusi, ambaye aliposilimu aliitwa Mwajuma lakini mtaa mzima ulibaki na Mukankusi wake, alikuwa na desturi ya kumsimamisha mlangoni kila jioni. "Fungua kinywa." Anamnusa, kisha anampisha apite. Muhamadi alikasirika mwaka wa kwanza, mwaka wa pili akazoea, mwaka wa tatu akawa anakula kitunguu kibichi makusudi njiani. Mwalimu wa msikiti hakuwa na masihara kama hayo. Alimwita akamwambia, "Mkono wako unabeba haramu ili watoto wale, na hilo nakuombea kwa Mungu usiku na mchana. Lakini siku nitakaposikia kinywa chako nacho kimeigusa, usije ukasimama safu moja na sisi." Muhamadi alilala na maneno hayo na aliamka nayo. Hakuwa na ng'ombe, hakuwa na shamba. Alikuwa na jina tu.

Haya. Jumapili moja ya kiangazi, mwaka 1953, akaja Musiyo Delvaux.

Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Bukavu, mwekundu shingoni, anayeongea kana kwamba kila mtu yuko ng'ambo ya mto. Alileta kreti ya divai nyeupe apate kumuuzia Madamu, na ili kumshika vizuri akamleta pia Bwana Mkubwa mmoja wa serikali wale pamoja chakula cha mchana. Meza ikatandikwa barazani. Delvaux akamkabidhi Muhamadi chupa mbili za kreti yake. "We fungua. Na angalia usimwage, hii si pombe ya ndizi."

Muhamadi akaenda pembeni, akafungua ya kwanza, akapeleka kizibo puani. Lo! Gunia lililosahauliwa nje kwenye mvua. Ukungu. Kizibo kilikuwa kimeoza na kuiozesha divai yote. Hutokea, si kosa la mtu. Akafungua ya pili, ile ile harufu. Sasa angefanya nini? Kama angeipeleka mezani, Madamu angeaibika mbele ya mkubwa. Akaziweka kando, akachukua chupa ya zamani ya Madamu kwenye gunia lake, akamimina kimya kimya. Bwana Mkubwa akanywa pamoja na samaki, akasema, "Nzuri sana hii, Delvaux!"

Delvaux akaitazama chupa. Si yake.

"Yangu iko wapi?"

Muhamadi akainama kwa adabu, akasema kwa sauti ya chini, "Imeharibika, Bwana. Zote mbili. Kizibo kimeoza."

Bwana Mkubwa alicheka, na ndipo mambo yalipoharibika. Alicheka kicheko kikubwa cha mtu aliyeshiba, akasema, "Delvaux, boi amekurudishia divai yako!" Nyuso za meza nyingine zikageuka. Delvaux akaletewa chupa, akanusa, na nakuapieni alijua palepale kwamba ni kweli, maana aliiondoa puani haraka. Lakini mtu akishachekwa haangalii kweli. Akapiga meza.

"Yeye anajua namna gani? Ee? Anajua namna gani? Mweusi anayejua divai ni mweusi anayekunywa divai! We nakunywa!" Akageukia mlango wa jikoni, ambako Bizimana na wenzake walikuwa wamejazana kutazama. "Munasikia? Muislamu wenu nakunywa divai!"

Kicheko cha Bwana Mkubwa kikakatika. Kwa maana sheria ya Wabelgiji ya wakati ule ilimkataza mtu mweusi divai na pombe kali. Bia ruhusa, divai marufuku; Wazungu ndio walioamua koo lipi linafaa kinywaji kipi. Mhudumu akinywa ni kesi, na mwenye hoteli naye anaweza kupokonywa leseni. Bwana Mkubwa akafuta midomo, akasema jambo hili lisifike mbali siku ya Jumapili. Madamu aandike karatasi fupi kwamba Muhamadi alikiri kuonja, apigwe faini, aonywe, aendelee na kazi. Basi.

Madamu akaandika. Huyo Madamu, aliyekaa meza moja na mumewe miaka sita akiona pua ya Muhamadi ikifanya kazi! Alijua. Na bado aliandika. Akaisukuma karatasi na kidau cha wino wa kidole. "Muhamadi, weka kidole tu. Iko kitu kidogo. Kesho tumesahau."

"Madamu," Muhamadi akasema, "wewe unajua."

Madamu akatazama kitambaa cha meza.

"Madamu, bwana wako alipokuwa hai, niliwahi kunywa?"

"Weka kidole, Muhamadi. Nakuomba."

Aliumia. Sitasema uongo kwamba hakuumia. Macho yalimjaa maji. Akaiona safu ya msikitini na pengo mahali pake. Akamwona Mukankusi mlangoni, safari hii hasemi fungua kinywa, anageuka tu anaingia ndani. Karatasi ile ingefika mtaani kabla yake. Watu wa jikoni walikuwa wameshasikia. Halafu machozi yakarudi yalikotoka, hasira ikapanda badala yake, na mikono akaifunga nyuma.

"Siweki."

"Basi uko nje ya kazi," Delvaux akasema, "na gereza liko karibu."

"Nitakwenda. Lakini kidole siweki kwenye uongo."

Bizimana mlangoni akashika kichwa. "Yewe Muhamadi, we iko na wazimu?"

Delvaux akaona nafasi ya kummaliza. Akamimina divai kwenye glasi, akamsogezea. "Kama hunywi, utajua namna gani ni mbaya? Onja hapa. Ukishindwa kuijua, ulibahatisha. Ukiweza, we mlevi." Akacheka, maana mtego ulikuwa mzuri, kila mlango una kitanzi chake.

"Sionji," Muhamadi akasema. "Utaonja wewe, Bwana, na Bwana Mkubwa. Mimi nitasema kinywa chenu kitafanya nini kabla hakijafanya. Nikikosea hata mara moja, nipelekeni gerezani leo leo."

Bwana Mkubwa, ambaye nadhani alikuwa amechoshwa na Jumapili zote za maisha yake, akasogeza kiti karibu. "Donc, basi, tuone."

Muhamadi akageukia jikoni. Sauti aliyoitoa haikuwa ya boi. "Bizimana! Samaki wadogo, wakaange wakauke, chumvi na ndimu. Ile jibini changa ya mbuzi ya masista. Nyama yako ya bia. Na keki ya chokoleti. Haraka, ndugu yangu!" Bizimana alikimbia, tumbo na yote.

Samaki walipofika wangali moto, Muhamadi akamimina ile divai nzuri ya kwenye gunia. "Bwana Mkubwa, kula mmoja, kisha kunywa. Mate yatakujaa pembeni mwa ulimi, na mkono wako utarudi kwenye sahani kabla hujaiweka glasi."

Bwana Mkubwa akala, akanywa. Glasi ingali hewani, mkono wa pili ukawa tayari umeshika samaki. Akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Meza ya jirani mtu akapiga kofi.

"Sasa jibini. Peke yake ni kali, na divai peke yake ni kali. Utasema makali mawili yatagombana. Hayatagombana. Yatapozana, na jibini itakuwa tamu kama maziwa ya asubuhi." Bwana Mkubwa akajaribu, akakata kipande kingine kikubwa zaidi. "C'est vrai, ni kweli," akasema na kinywa kimejaa.

"Nyama sasa. Hapa divai itakufa. Hutasikia kitu ila ubaridi, na utaomba bia."

Akala, akanywa, akaguna. "Madamu, lete bia."

Jikoni wakashindwa kujizuia, wakacheka. Delvaux alikuwa amekunja mikono kifuani. Muhamadi akakata keki ya chokoleti, akaiweka mbele yake kwa adabu zote, akajaza glasi.

"Hii ni yako, Bwana. Kula, kisha piga funda kubwa. Utamu wa keki utaivua divai nguo, itabaki siki tupu. Utajitahidi kuficha uso kwa sababu hutaki mimi nishinde. Mdomo utautuliza, lakini jicho moja litafumba lenyewe."

"Upuuzi." Delvaux akatia kipande kinywani, akatafuna akimkazia Muhamadi macho, akapiga funda. Uso ukatulia kama jiwe. Sekunde moja. Mbili. Halafu jicho la kushoto likajifinya, likafumba kabisa, na shavu likalifuata, na Delvaux mzima akajikunja kama aliyeuma ndimu na ganda lake. Baraza lote liliangua kicheko. Bwana Mkubwa alicheka mpaka akakohoa, Madamu akampiga mgongoni. Hata yeye Madamu alikuwa akicheka, na machozi yanamtoka, na sijui yalikuwa ya nini.

"Umejifunza wapi?" Bwana Mkubwa akauliza alipopata pumzi.

"Kwenye sahani, Bwana. Miaka tisa naondoa sahani zenu. Mgeni anaweza kumsifia Madamu kwa adabu, lakini samaki aliyeachwa nusu hana adabu. Harufu naipata kwa pua, ladha naisoma kwenye nyuso zenu. Nyinyi mnakunywa, mimi nawatazama."

Bwana Mkubwa akaichukua ile karatasi ya kukiri, akaichana vipande viwili. Alikuwa amefurahi, na mkubwa akifurahi hutaka kutoa zawadi. Akasema wapo Waafrika wachache walioendelea wanaopewa kibali cha kunywa divai kama Wazungu, na mtu kama huyu anastahili. Atamwandikia yeye mwenyewe. Akashika glasi safi, akaijaza, akamnyooshea Muhamadi. "Kunywa sasa, mbele yangu. Hakuna wa kukukamata. Nimekuruhusu."

Mlangoni Bizimana akaacha kucheka. Mgeni mmoja akasema, "Bravo." Glasi ilikuwa imepoa vizuri, jasho linaitiririka, na harufu yake ilimfikia Muhamadi pale pale aliposimama: ganda la ndimu, jiwe la mvua, tufaha bichi. Hakuna mtu pale barazani aliyeijua kuliko yeye.

"Asante, Bwana Mkubwa. Sinywi."

"Lakini nimekuruhusu!"

"Nimesikia. Kwani ulidhani ni sheria yako iliyofunga mdomo wangu?" Sauti haikupanda, lakini jikoni kote walikuwa wameacha masufuria. "Funguo za ghala ninazo tangu bwana wa Madamu alipofariki. Ningetaka kunywa, ningekunywa, na sheria yako ingekuwa imelala. Iondoeni hata kesho, na anayetaka kunywa anywe, ni haki yake, na mlimnyima bure. Mimi sitakunywa. Si nyinyi mlionikataza, na si nyinyi mtakaoniruhusu."

Bwana Mkubwa akaiweka glasi mezani polepole. Madamu akainuka akasema, "Basi Muhamadi, imekwisha, endelea na kazi." Muhamadi hakusogea.

"Haijaisha, Madamu. Musiyo Delvaux aliwaambia watu wa jikoni kwamba nakunywa. Aliwaambia kwa Kiswahili. Awaambie tena."

"Awaambie nini?"

"Kwamba sinywi."

Delvaux akamtazama Bwana Mkubwa, akitegemea msaada. Bwana Mkubwa alikuwa anachambua samaki. Akamtazama Madamu, na Madamu, mara hii, akamkazia macho. Delvaux akavuta pumzi, akatia kidole ndani ya ukosi wake, akasema maneno fulani akiitazama sahani.

"Kwa sauti, Bwana," Muhamadi akasema. "Jikoni hawajasikia."

Shingo ya Delvaux ikawa nyekundu mpaka masikioni. Akageuka kwenye kiti, akawatazama Bizimana na wenzake mlangoni.

"Hanywi," akasema. "Muhamadi hanywi."